Uzazi ni bure, mbona mama ananunua glavu?

Muulizaji: Sera ya afya ya Tanzania inasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma, lakini mwezi uliopita wifi yangu aliambiwa na zahanati moja aende na glavu, pamba, wembe na mpira wa kutandika kitandani. Fedha hukwama wapi?

Mhasibu wa kituo: Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Hilo limesaidia sana, ila zikichelewa robo moja tu ya mwaka, glavu ndizo huanza kuisha.

Mkunga mstaafu: Msamaha wa malipo haujazi kabati, kwa kuwa kituo chenye wajawazito wengi ndicho hukusanya kidogo. Azimio la Abuja la 2001, la viongozi wa nchi za Afrika, lilitaka asilimia 15 ya bajeti ya serikali iende kwenye afya, nasi bado hatujaifikia. Wifi yako aulize kamati ya usimamizi ya zahanati hiyo. Baadhi ya wajumbe wake wanatoka kwa wananchi.