Kikundi chetu cha hisa kinawaacha nje wale wale tuliotaka kuwainua, tufanyeje?

Binti Mikindani
Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Mtwara mjini, Chikongola, mtunza hazina wa kikundi cha kina mama wa mtaa. Tuko 24. Tulianza kwa nia moja tu: watu waachane na mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza. Kila Jumatano tunakaa barazani, hisa ni 2,000, mtu ananunua moja hadi tano, na 500 ya mfuko wa jamii. Usipoleta, faini 1,000. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu.

Wenye magenge wamepanda, sikatai. Ila nikifungua daftari, wanaogongewa hisa tano ni wale wale, na wanaopotea ni watano: wawili wanabangua korosho kwa malipo ya kilo, muuza pweza, na bibi wawili wanaolea wajukuu. Kifuku hiki ndiyo kimewamaliza. Bahari ikichafuka, muuza pweza anakaa wiki hana kitu, akirudi anadaiwa hisa na faini. Siku hizi akiniona anapita uchochoro wa nyuma. Na ndiye aliyetoa wazo la kikundi!

Nimesema hisa ishuke iwe 500. Mwenyekiti kajibu tutakuwa kikundi cha kuchangia chumvi. Jumatano niseme nini?

Korosho Ghafi
Mwenyekiti ana hoja. Hisa 500 mara tano ni 2,500. Mwenye genge atahamia kikundi kingine, sanduku likikauka huyo wa pweza atakopeshwa na nani?

Lindi Kwetu
Nani kasema mwisho uwe tano? Sisi huku Lindi tulishusha hisa hadi 500 tukaruhusu mpaka 20. Mwenye nacho anaweka 10,000 yake kama zamani, asiye nacho analeta jero na kitabu chake kinagongwa muhuri kama cha wenzake. Anayeumia ni katibu, mkono unakufa ganzi kwa kugonga.

Mzee wa Ligula
Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi. Binti yangu, hisa ni nusu ya shida, tatizo lenyewe ni faini. Faini ni ya mtu mwenye hela aliyefanya uzembe. Aliyekosa kwa sababu bahari imechafuka ukimpiga 1,000, umemsukuma kwa mkopeshaji. Andikeni kwenye katiba: anayetoa taarifa kabla ya kikao halipi. Na mfuko wa jamii kazi yake nini, kama si hiyo?

Korosho Ghafi
Si mchukue ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba?

Mzee wa Ligula
Ipo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Lakini deni ni la kikundi kizima. Mkiwa mnakimbiana kwa 2,000, milioni kadhaa zitawagombanisha hadi msibani. Kwanza mmesajiliwa? Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavigusa hata vikundi vya barazani.

Somo wa Ufukoni
Shoga, mnavunja lini sanduku mgawane?

Binti Mikindani
Desemba, somo.

Somo wa Ufukoni
Basi! Desemba hela ya korosho imeingia, hata wa mjini wana vishamba kijijini. Mgao unaishia kwenye sare za ngoma. Januari shule zinafunguliwa, mvua inapiga, mtu hana hata ya daftari. Sisi tunavunja wiki ya kwanza ya Januari. Walinuna mwaka mmoja tu.

Binti Mikindani
Asanteni wote. Usajili tunao, afisa wa kata alitusaidia. Jana usiku nilimfuata muuza pweza kwake. Kausha damu anadaiwa 80,000, wameshachukua simu yake. Mfuko wa jamii una 180,000 na tangu Januari tumeugusa mara moja tu, kwenye msiba. Nitaomba akopeshwe humo bila riba, arudishe jero jero. Nitaanza na faini, halafu hisa 20 za Lindi. Habari ya Januari niiache kwanza, maana mwenyekiti kashatoa oda ya vitenge vya Desemba.

Na sikuwaambia: mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Korosho Ghafi
Ungeanza na hilo, dada. Pole sana.