Kuunganisha kompyuta tatu na printa moja dukani kwa shilingi 700,000

Muuza Vipuri

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina duka la vipuri vya pikipiki na bajaji hapa Mwanza, na ninatumia kompyuta tatu: moja ipo kaunta, ya pili ipo kwa mhasibu, na ya tatu ipo stoo, ambayo ni jengo jingine ng'ambo ya ua, umbali wa kama mita 40. Printa ni moja tu, nayo ipo kwa mhasibu. Kwa sasa orodha ya mali imo katika faili la Excel linalobebwa kwa flashi kati ya kaunta na stoo, hivyo si ajabu kaunta kupokea hela ya mnyororo ambao stoo iliumaliza tangu asubuhi. Ruta ya intaneti ninayo tayari, na ina matundu manne ya kebo. Muuzaji mmoja wa kompyuta amenishauri ninunue seva, yaani kompyuta maalumu ya kutunzia faili za kompyuta nyingine, lakini bei yake peke yake inazidi bajeti yangu yote ya shilingi 700,000. Je, seva ni lazima? Na stoo niiunganishe kwa waya au kwa Wi-Fi?

Fundi Nyaya

Ndugu, seva si lazima. Windows 10 au 11 ya kawaida inaruhusu hadi mashine 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja na kompyuta yenye faili za pamoja, nawe una tatu tu. Teua kompyuta ya mhasibu iwe ndiyo mama: faili zikae humo, iwashwe kabla ya nyingine asubuhi na izimwe baada ya zote jioni. Katika mipangilio ya ruta, itengee kompyuta hiyo pamoja na printa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa katika mtandao) zisizobadilika, kwa maana mara nyingi mtu anapolalamika kwamba printa haionekani, utakuta ruta ilizima umeme ulipokatika, na iliporudi ikagawa anwani upya.

Hela yako ielekeze kwenye kebo. Cat 5e inatosha kabisa, kwani hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100. Shida ni kwamba madukani kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Omba kipande, kisha ukwangue waya mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ilhali ile nyingine huonyesha weupe mara moja. Alumini hiyo hukatika upesi inapokunjwa, na ikishakatikia ndani ya ukuta utaanza kazi upya.

Wakati wa kufunga plagi, panga rangi kwa utaratibu huu pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo wanaopanga wapendavyo mradi pande zote zifanane. Taa itawaka, lakini nyaya zilizosokotwa pamoja zitakuwa zimetenganishwa, na kadiri kebo inavyokuwa ndefu ndivyo data inavyozidi kupotea njiani. Kebo hiyo usiipitishe katika bomba moja na nyaya za umeme. Swichi ya mtandao, yaani kisanduku cha kuongeza matundu ya kebo, huihitaji leo, kwani kompyuta tatu na printa zinatosha katika matundu manne ya ruta. Stoo nayo ipelekee kebo chini ya ardhi, ndani ya bomba la plastiki.

Mtu wa Ziwa

Nakubaliana na Fundi Nyaya kwa yote isipokuwa hilo la stoo. Radi ikipiga jirani, hata kama haikugusa paa lako, waya mrefu wa shaba kati ya majengo mawili hunasa umeme na kuuingiza moja kwa moja katika ruta na kompyuta, na bomba la plastiki halizuii jambo hilo. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunazijua radi zetu. Tumia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme: nunua ya nje iliyokwisha kufungwa plagi kiwandani, pamoja na vigeuzi viwili vya kuiunganisha na kebo ya kawaida, kimoja kila upande, na uhakikishe kwamba haina waya wa chuma wa kuimarishia ndani yake, la sivyo umerudi palepale. Wi-Fi ya ruta usiitegemee kwa umbali huo, hasa kama kuna kuta za tofali na mabati katikati.

Fundi Nyaya

Hoja ya radi naikubali. Faiba ya mita 50 itatosha, na bomba liwepo vilevile, kwa ajili ya panya na majembe.

Mhasibu wa Jioni

Niongeze jambo ambalo nyaya hazitalitatua. Faili la Excel lililowekwa mahali pa pamoja likifunguliwa na mtu wa kaunta, mtu wa stoo atalipata kwa kusoma tu, na bila shaka atahifadhi nakala yake pembeni. Hapo mtakuwa na orodha mbili kama zamani. Tafuteni programu ya mauzo inayowekwa kwenye kompyuta mama na kufunguliwa na wengine kupitia kivinjari, na zipo za bure. Kila jioni nakili data kwenye diski ya nje, kisha uichomoe, maana virusi vinavyofunga faili na kudai fidia huifikia pia diski iliyoachwa imechomekwa. Kama bado mnatumia Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Muuza Vipuri

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Seva nimeiacha. UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika) ninayoweza kumudu ni moja, na ndogo, niifunge wapi?

Fundi Nyaya

Ifunge kwa mhasibu, ibebe kompyuta mama, ruta na kigeuzi cha faiba cha upande huo. Printa, ikiwa ni ya leza, ichomeke ukutani, kwa sababu inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo huzidiwa.