Tamthilia ziko kwenye king'amuzi cha sebuleni, mama yuko chumba cha nyuma, nifanyeje?

pweza_mkavu
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla nyumba haijanigeukia. Nina king'amuzi cha kulipia kile chenye diski ya kurekodia ndani, kipo sebuleni na kinarekodi vizuri tu. Mama yangu mzazi yupo kwangu tangu mwezi wa pili anatibiwa mguu, na kwa tamthilia huyo bibi hana mpinzani, ila saa mbili na nusu usiku keshasinzia kwa hiyo namrekodia zote anaangalia kesho yake. Sasa kesho yake watoto wakirudi shule sebule ni katuni mwanzo mwisho, mimi nikirudi nataka taarifa ya habari, na kama siku hiyo Simba au Yanga anacheza ndo usiseme. Mama hagombi. Anachukua fimbo yake anarudi chumbani kimya kimya, bora hata angegomba.

Chumbani kwake kuna TV ya inchi 24, ina tundu moja la HDMI na yale matundu ya rangi tatu. Nilichojaribu mpaka sasa: nilichomeka fleshi nikidhani nitahamisha vipindi kama unavyohamisha miziki, king'amuzi hakina hata hiyo menyu. Nikaona isiwe shida, nikakifungua nikatoa diski nikaichomeka kwenye laptopu, kompyuta ikaniambia hii diski haijaformatiwa, je niiformati? Nikabonyeza hapana mkono unatetemeka. Nimeirudisha inafanya kazi, Mungu ni mwema.

Kutoka sebuleni hadi kwake ni kama mita 14 kwa kupita koridoni. Kifurushi cha pili sitaki kulipia. Nawezaje kumfikishia vipindi vyake kule? Na nikitumia waifai itakula bando?

jembe_la_kati
Mkuu hamisha watoto usihamishe tamthilia. Hiyo TV ndogo wape wao, bibi akae kwenye kochi lake.

pweza_mkavu
Nimeshajaribu mkuu. Sebuleni wageni wanapita wanaingia na kutoka, anaona aibu kunyoosha mguu mbele za watu. Chumbani ndo ana kitanda na mito yake.

fundi_dishi
Pole kwa mguu wa bi mkubwa. Kwanza acha kabisa kufungua hicho kitu. Vipindi vilivyorekodiwa kwenye king'amuzi cha kulipia vimefungwa, yaani picha inaandikwa kwenye diski ikiwa imefumbwa na ufunguo wake uko kwenye king'amuzi chenyewe na kadi yake, ndo maana laptopu haikuona kitu. Hata ukiichukua hiyo diski ukaiweka kwenye king'amuzi cha jirani cha aina ile ile hakitasoma, kitakuomba uiformati, na ukikubali tamthilia zote kwaheri. Kwa hiyo kuhamisha faili sahau.

Unachoweza kuhamisha ni PICHA. King'amuzi kinabaki sebuleni, picha yake inapelekwa chumbani kwa waya. Chukua splita ya HDMI, moja kuingia mbili kutoka, moja inaenda TV ya sebuleni nyingine inaenda kwa mama. Ila usije ukanunua waya wa HDMI wa mita 15 wa bei ya kutupwa ukadhani umemaliza, ule ukizidi mita 10 hivi picha inaanza kurusha nyota nyota au inapotea kabisa. Tumia ekstenda ya HDMI ya kupitia waya wa netiweki, vile viboksi viwili, kimoja huku kingine kule, katikati waya wa Cat6. Vinavyouzwa kwa mita 50 au 60 kwako vitatosha na chenji inabaki. Na waya wenyewe uwe wa shaba kweli, mtaani kuna waya umeandikwa Cat6 ukiukwangua na kisu ndani ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba, huo utakusumbua.

Chukua ekstenda yenye IR, hiyo usisahau, maana mama atabadilishaje kipindi kutoka chumbani? Inakuja na vijiwaya viwili vyenye vijicho, kimoja kinakaa chini ya TV ya mama kinapokea remoti yake, kingine unakibandika mbele ya king'amuzi sebuleni. Remoti nyingine inayofanana unanunua tu.

mama_kuruthumu
Mdogo wangu mimi nakwambia njia ya kimasikini ambayo kwangu ipo mwaka wa tatu haijawahi kufa. Ving'amuzi vingi vinatoa picha HDMI na AV kwa wakati mmoja, sio lazima splita. Yale matundu matatu, njano nyekundu nyeupe. Fundi wangu alichukua waya ule ule wa dishi akakata vipande vitatu virefu akafunga pini za AV kila mwisho, akapitisha juu ya dari mpaka chumba cha wasichana. Picha haiko kali kama HDMI, maandishi ya chini yanakuwa na ukungu kidogo, lakini tamthilia inataka sura na kilio tu, utaona. Kwa TV ya inchi 24 mama yako hatajua tofauti.

Na jingine ambalo mafundi hawasemi, mtu wa kwako akizima king'amuzi ukutani usiku, hakuna kitakachorekodiwa. Kwangu msichana wa kazi alikuwa anazima kila kitu anaokoa luku, siku tatu nalaumu king'amuzi. Nimebandika plasta kwenye swichi.

fundi_dishi
Dada hapo umenena, AV inafaa. Ila pweza angalia nyuma ya king'amuzi chako kama tundu la AV lipo, vipya vingine wameliondoa au kimebaki kile kitundu kidogo cha duara kinachotaka waya wake maalum.

kaka_wa_seva
Mnasahau kitu kimoja. Picha ikigawanywa hivyo TV zote mbili zinaonesha kitu KILE KILE. Mama akifungua tamthilia na sebuleni wanaona tamthilia. Ugomvi uko pale pale umeongeza tu waya.

Ufumbuzi wake ni sebuleni muwe na chanzo kingine. Weka king'amuzi cha antena cha chaneli za bure, kichomeke HDMI ya pili, watoto na taarifa ya habari viende huko, kile cha kulipia kiwe cha mama ukiondoa siku za mechi. Halafu utamu ni kwamba ving'amuzi vingi vya antena vina tundu la USB na vinarekodi kwenye fleshi, na kwa chaneli za bure faili mara nyingi linatoka wazi halijafungwa, utaliona mwisho wake ni .ts au .mts. Hilo ndo unaweza kulipeleka popote.

Mimi kwangu nina laptopu ya zamani skrini imepasuka, nimeweka Jellyfin, ni programu ya bure haina matangazo, naihamishia vilivyorekodiwa na TV zote pamoja na simu za watoto zinavuta kutoka hapo, kila mtu anaangalia chake. Mmoja akisimamisha katikati akaenda kula, akirudi inaendelea alipoishia hata akiwa kwenye TV nyingine.

Kuhusu bando, HAILI. Faili linatoka kwenye laptopu linaingia kwenye ruta linaenda kwenye TV, halijatoka nje ya nyumba yako. Hata laini ya ruta ikiwa haina senti tano itacheza. Watu wengi hawaamini mpaka uchomoe laini mbele yao.

Mambo mawili yatakusumbua. Fleshi ikiwa imeformatiwa kwa mtindo wa FAT32 faili moja haliwezi kuzidi GB 4, na chaneli ya HD ikiwa inakuja kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo mpira wa dakika 90 na mapumziko yake utakatwa vipande au utaishia njiani kabla ya goli. Iformati kwa mtindo wa NTFS kama king'amuzi kinaukubali. La pili TV zingine zitaleta picha bila sauti kwa sababu hazijui aina ile ya sauti, programu ya VLC kwenye laptopu inasoma, na Jellyfin inaibadilisha yenyewe njiani, kubadilisha sauti peke yake ni kazi ndogo hata laptopu mzee anaweza.

bosi_wa_benchi
Samahani kuingilia wakuu, kwa hiyo mimi nikifunga hiyo ekstenda mpaka banda langu la nje nikaweka mabenchi inakubali?

fundi_dishi
Waya utakubali, wenye haki za kuonesha hawatakubali. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, kibanda umiza kina utaratibu wake. Tusiharibu uzi wa mtu.

pweza_mkavu
Narudi na mrejesho baada ya siku tisa. Tundu la AV kwangu halipo, dada yangu mama_kuruthumu ningekusikiliza wewe, kwa hiyo nimeenda Kariakoo nikachukua splita, ekstenda yenye IR na mita 20 za Cat6. Muuzaji alinitolea roli la kwanza nikaomba kisu, akacheka akalirudisha akatoa jingine. Asante fundi.

Siku ya kwanza picha ikaja kwa mama safi kabisa ila remoti haifanyi kazi. Nimehangaika saa nzima, kumbe nimebandika kijicho pembeni ya taa ya king'amuzi nikidhani ndo jicho, jicho lenyewe liko upande wa pili nyuma ya plastiki nyeusi. Nililipata kwa kumulika na tochi ya simu. Kusogeza sentimita nne hivi, ikakubali.

Siku ya pili likatokea lile lile la kaka_wa_seva. Mama yuko katikati ya kipindi chake, mdogo wetu sebuleni akachukua remoti akaweka katuni, nikasikia kutoka chumbani "eeh! na mimi nipo huku jamani!" Mara ya kwanza mama kupiga kelele ndani ya nyumba hii tangu aje, nilicheka mpaka nikakaa chini. Remoti ya sebuleni nimeificha, king'amuzi cha antena nimekifunga juzi, watoto wanakaa huko. Ya Jellyfin bado, laptopu yangu diski imejaa picha za harusi, nikimaliza kuzitoa nitarudi kukusumbua kaka.

Umeme ulikatika juzi usiku katikati ya kurekodi, kipindi kikabaki nusu. Hilo lina dawa?

kaka_wa_seva
UPS ndogo, ile betri ya kompyuta inayoshikilia umeme ukikatika. King'amuzi hakili umeme mwingi kwa hiyo itakishikilia muda mrefu kuliko inavyoshikilia kompyuta, TV usiiweke hapo. Inasaidia na ile diski ya ndani pia, ile kukatika ghafla ikiwa inaandika ndo inaiua taratibu.

jembe_la_kati
Bado nasema ungehamisha watoto.

bosi_wa_benchi
Na nikitaka vyumba vitatu, vya ndani jamani, sio banda?

fundi_dishi
Splita ya moja kwa nne na ekstenda mbili, TV ya tatu ikiwa ndani ya mita 10 waya wa HDMI wa kawaida unatosha. Hakikisha splita ina adapta yake ya umeme, vile visivyo na umeme ukiweka TV mbili tu vinaanza kuzima na kuwaka. Ugomvi wa remoti vyumba vitatu sina spea yake.