Treni imeishia ukingoni mwa mto tangu 2004, na njia waliyoichagua sasa inatukwepa tena

Wakuu nimechoka, na leo naandika yote.

Naishi Vancouver, hii ya jimbo la Washington siyo ile ya Canada, kazi yangu iko ng'ambo Portland upande wa Oregon, na katikati kuna mto Columbia na daraja la barabara kuu (haiwei) ya I-5 ambalo nusu yake ilifunguliwa 1917 na nusu ya pili 1958. 1917 jamani! Nguzo zake zimekalia magogo ya miti yaliyopigiliwa kwenye mchanga wa mto, na wahandisi wameshasema miaka mingi kwamba tetemeko kubwa la huku likija ule mchanga utalegea na daraja linaweza kwenda nao.

Na hilo daraja linanyanyuliwa meli ikitaka kupita. Siku za kazi wameweka masaa ya foleni, asubuhi na jioni, ambayo halinyanyuliwi, vizuri, ila hayo ni masaa ya watu wa ofisini, sisi tunaotoka shifti ya usiku tukazuiliwa kidogo kazini tunalikuta liko juu, basi letu limesimama, watu wazima wamelalia vioo, na huwezi kushuka wala kurudi. Wiki iliyopita nimefika nyumbani mke wangu ameshachelewa kazini kwake kwa sababu hawezi kuwaacha watoto peke yao kabla sijaingia, akakatwa masaa. Hiyo ni hela ya nyumba yangu, imeliwa na daraja.

Sasa kinachoniuma zaidi. Treni ya MAX, ile ya umeme ya mjini Portland, mstari wa njano, inaishia Expo Center, kwenye kumbi za maonyesho upande wa Portland, tangu Mei 2004. Kutoka pale mpaka katikati ya Vancouver ni kama kilomita 3. Tatu! Unavuka mkono mdogo wa mto, unapita kisiwa cha Hayden, unavuka mto mkubwa umefika. Zaidi ya miaka 20 treni inafika pale inageuza inarudi.

Na siyo kwamba hawakujaribu, ndiyo maana nina hasira. 1995 wapiga kura wa Clark County, yaani sisi wa upande huu, waliambiwa wachangie kodi kwa ajili ya treni wakakataa. 1998 wa upande wa Oregon nao wakakataa pesa za mstari mrefu wa kusini mpaka kaskazini. Ukaja mradi mwingine wa kuvuka Columbia, daraja jipya lenye treni ndani yake, wakachora miaka na miaka, wakalichora la mita kama 29 juu ya maji halafu ndiyo wakagundua ni fupi mno kwa meli, wakalipandisha hadi mita 35, 2012 sisi huku tukakataa tena kodi ya kuendeshea treni, 2013 maseneta wa jimbo la Washington wakagoma kutoa hela, na 2014 mradi umezikwa. Karibu dola milioni 200 zimekwenda kwenye kuchora na mikutano, na hakuna hata nguzo moja iliyosimikwa mtoni. Majirani zangu waliopiga kura ya hapana baadhi yao nawajua, hoja ya kwamba treni itatuletea wahalifu kutoka Portland nimeisikia kwa masikio yangu haya, mbele ya watoto wangu, na nilijua wanaposema wahalifu wanamaanisha watu wanaofanana na nani.

Haya, 2022 wakuu wa pande zote mbili wakakubaliana upya. Daraja jipya, treni ndani, stesheni kisiwani Hayden, nyingine Vancouver karibu na maji, na ya mwisho Evergreen. Nilifurahi kweli siku ile. Halafu nikaangalia ramani.

Njia yote imebandikwa ubavuni mwa I-5. Mradi uliokufa ulikuwa unaiingiza treni kwenye mitaa ya katikati ya mji na kuifikisha hadi chuo cha Clark College, huu mpya umeiacha ing'ang'anie haiwei na kuikatia Evergreen, mapema zaidi. Naomba mtu anieleze maana ya hili. Mtu anatembea kwenda stesheni kwa miguu, dakika 10 hivi akizidisha sana, basi chora duara la hizo dakika 10 kuzunguka stesheni halafu uondoe sehemu iliyoliwa na haiwei na matawi yake ya kuingilia na kutokea, ukifika ile ya karibu na mto uondoe na maji, maana hakuna anayeishi mtoni, ndipo uniambie wamebaki watu wangapi. Stesheni inatakiwa izungukwe na milango ya nyumba pande zote.

Na hiyo ya karibu na mto itakuwa juu hewani kabisa, kwa sababu daraja lenyewe liko juu na treni haiwezi kuteremka ghafla, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayapendi mlima, ukishapita asilimia 6 au 7 ya mwinuko unatafuta matatizo. Kwa hiyo kila mita wanayoongeza kwa ajili ya meli inamsukuma mama mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo juu zaidi kwenye lifti. Lifti ikiharibika? Na 2022 hiyohiyo walinzi wa pwani wa Marekani, wanaosimamia njia za meli, walidai kwanza nafasi ya mita 54 chini ya daraja! Mita 54 kwa ajili ya vyombo vichache vyenye mlingoti au mzigo mrefu. Sikatai meli zina haki ya mto, ila abiria wa basi hakuna mwenye cheo hicho wa kumdaia mita zake.

Kitu kingine sioni watu wakikisema. Tuseme treni imevuka Columbia salama. Inaenda wapi? Inakwenda kubanana kwenye Steel Bridge, juu ya mto Willamette unaopita katikati ya Portland, daraja la 1912, ambalo nalo linanyanyuliwa, na mistari yote ya MAX inayovuka kuingia katikati ya Portland inapita hapo, isipokuwa ule wa chungwa. Treni zinatambaa pale. Ikikwama moja zinajipanga zote nyuma yake. Ukichagua njia ya kuvuka mto mmoja lazima uangalie na mto wa pili, abiria ni yuleyule na saa ni ileile.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri, maana imefanyika hapohapo Portland. Tilikum Crossing, 2015, treni, mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu, gari binafsi marufuku. Pale njia walisumbuka nayo, wakalisogeza daraja liguse mtaa wa South Waterfront ambako hospitali na chuo cha udaktari cha OHSU vinajaza watu kutwa, upande wa pili linatua kwenye jumba la makumbusho ya sayansi. Na jina lenyewe, tilikum, kwa Chinook Wawa, lugha ya biashara ya wenyeji wa huku, maana yake ni watu. Huku kwetu daraja linachorwa kwanza kwa ajili ya magari, treni inatafutiwa pakujibanza.

2024 walipofungua maoni kwenye ripoti yao ya mazingira nilituma yangu. Niliomba treni iingie mitaani Vancouver, ifike chuoni, na ratiba ya usiku iwekwe kwenye mpango tangu sasa, siyo kusubiri daraja liishe ndiyo tuambiwe treni ya mwisho imeshaondoka. Nilirudishiwa ujumbe wa kunishukuru kwa kushiriki.

Nitatuma tena, na mikutano yao nitaenda hata nikiwa sijalala. Mnaoishi Clark County mnaovuka kila siku na mnaona Kiingereza cha kuandika kinawapiga chenga, nitumieni ujumbe, niambieni mnatoka saa ngapi, mnashukia wapi, mmepoteza nini, kwa Kiswahili hichohicho. Nitawaandikia kila mtu barua yake, isomwe kwa jina lake.