Saikolojia, ualimu wa saikolojia au ustawi wa jamii: nichague ipi?

Binti Kitangari
Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nina C mbili na D moja. Nyumbani ni Newala. Nilipokuwa kidato cha pili shangazi yangu alifiwa na mumewe, akakaa miezi mitatu hasemi na mtu. Wengine walidai karogwa, wengine walidai anadeka. Tangu hapo nataka kusoma saikolojia. Baba hakatai, ila ananiuliza kila siku, "Ukimaliza utaitwa nani?" Na mimi jibu sina.

Nina machaguo matatu: saikolojia yenyewe, shahada ya ualimu katika saikolojia, au ustawi wa jamii. Naombeni mnilinganishie, na msinifiche kitu.

Mwalimu Kusini
Marahaba mwanangu. Mimi nilisoma ya pili, shahada ya ualimu katika saikolojia, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa nafundisha sekondari huku Tandahimba na ndiye mlezi wa wanafunzi.

Baba yako mwambie hivi: ukisoma hiyo utaitwa mwalimu. Saikolojia inakuja ndani ya ualimu: jinsi mtoto anavyokua, anavyojifunza, anavyopimwa, na unasihi, yaani ushauri nasaha, wa shuleni. Unaweza pia kufundisha vyuo vya ualimu, kwa sababu kila anayesomea ualimu anapita kwenye saikolojia ya elimu. Ila kabla hujajaza fomu, uliza utafundisha somo gani darasani. Shule inapoomba walimu huomba mwalimu wa Jiografia au wa Hisabati. Sijawahi kuona shule ya kata inayoomba mwalimu wa saikolojia.

Nikupe mfano wa faida yake. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, ikifika saa nne kichwa kiko mezani. Ilikuwa Novemba. Ofisini tulishamwandika mvivu. Siku moja nikamfuata hadi kwao, nikakuta anaamka alfajiri kuokota korosho na bibi yake kabla umande haujakauka, halafu anatembea kuja shule. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiona kosa la mwenzake hukimbilia kulaumu tabia yake na kuisahau hali aliyomo. Mwanasaikolojia Lee Ross aliliandikia jambo hilo mwaka 1977 na kulipa jina. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama nzuri, na bado nilimwandika yule mtoto mvivu. Tuliongea na bibi, tukakubaliana aokote jioni na Jumamosi. Kidato cha pili alifaulu.

Upungufu wake nao ni huu: mlezi wa wanafunzi hapunguziwi vipindi. Shule moja niliyopita sikuwa na chumba, watoto nilikuwa nawasikiliza chini ya mkorosho. Mtoto hawezi kukueleza aliyotendewa na mjomba wake huku wenzake wanapita na ndoo za maji.

Ustawi Nachingwea
Mdogo wangu, mimi nimetokea Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, kile kilichoanzishwa 1973. Naandika kwa kifupi, nipo njiani.

Cheo chetu, afisa ustawi wa jamii, kinatajwa moja kwa moja na sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja tena na tena: mtoto akiwa hatarini, akiwa na kesi mahakama ya watoto, wazazi wakigombania malezi na matunzo, taarifa inatakiwa itoke kwake. Kwa hiyo halmashauri inamhitaji, na tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka jina la kada yako linakuwemo. Baba yako hilo atalielewa mara moja.

Lakini kama unachotaka ni kukaa na mtu kama shangazi yako saa nzima, wiki baada ya wiki, kazi yetu haikupi nafasi hiyo. Leo nina mama ametelekezwa na watoto wanne, kesho nina mzee hana msamaha wa matibabu, keshokutwa nipo mahakamani. Saikolojia tunaisoma, na ninaitumia kila siku, ila sehemu kubwa ya kazi ni kumfikisha mtu kwenye haki yake.

Binti Kitangari
Asanteni sana. Mwalimu, habari ya yule kijana imenigusa. Sasa saikolojia yenyewe je? Na nimesikia ina hesabu. Kidato cha nne Hisabati nilipata D.

Mama Shangani
Hujambo mwanangu. Nilisoma saikolojia yenyewe, nikaongeza shahada ya uzamili. Hesabu zipo, na nisikudanganye, ndizo zilizowatoa machozi wengi darasani kwetu. Ni takwimu: wastani, mtawanyiko, uhusiano wa vitu viwili, na kujua kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Wanafunzi huja wakidhani watasoma ndoto na Freud. Freud mwenyewe alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Saikolojia ya chuo kikuu inajihesabu tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, na maabara maana yake ni vipimo. D yako isikutishe. Hakuna milinganyo mikubwa, kinachotakiwa ni uvumilivu wa kusoma jedwali polepole mpaka ujue linasema nini.

Nikuonyeshe kitu unachoweza kukifanya leo jikoni. Chukua bilauri mbili zinazolingana, tia maji sawasawa, muulize mtoto wa miaka mitano kama yanalingana. Atasema ndiyo. Halafu, mbele ya macho yake, mimina ya bilauri moja kwenye glasi nyembamba ndefu. Muulize tena. Wengi watasema ndefu ina maji mengi. Hilo ni jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Mimi nilimfanyia mtoto wa dada yangu hapa Shangani, mama yake anauza mafuta ya kula ya kupima. Akanitazama, akachukua glasi, akarudisha maji kwenye bilauri, akasema, "Mama mdogo, ni yale yale." Alikuwa na miaka mitano na nusu.

Mtoto mmoja hathibitishi kitu, na hilo ndilo la kwanza utakalofundishwa. Lakini swali limeshaanza: je, kazi ya nyumbani inamfundisha mtoto mapema? Mwaka 1969 watafiti waliwapima watoto wa wafinyanzi huko Meksiko, wakaona kwenye jaribio kama hilo la maji, ila la udongo unaobadilishwa umbo, wanawazidi wenzao wasiofinyanga. Na mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipekua majarida 6 ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akakuta asilimia 68 ya watu waliochunguzwa ni Wamarekani. Sisi wa Newala na Lindi hatumo humo. Watoto wetu wanaotoka jandoni na unyagoni wanapita ujana kwa njia ambayo kitabu cha darasani hakiijui. Mimi nilisoma shahada hii kwa sababu hiyo, na ningeirudia kesho.

Sasa la kazi, maana ulisema tusikufiche. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtibabu. Ukitaka kukaa hospitali na wagonjwa, uongeze uzamili wa saikolojia tiba, kama ule wa Muhimbili. Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mwingine kabisa: huyo amesoma udaktari miaka 5 kwanza, ndiye anayeandika dawa. Ukiishia shahada ya kwanza utashindania kazi za rasilimali watu, miradi na utafiti na watu wa sosholojia na maendeleo ya jamii, na tangazo mara nyingi halitataja jina la kozi yako.

Kaka Kilwa
Nami niongeze la mfukoni. Kutoka Newala hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na nauli, chumba na chakula vinaanza kabla mkopo haujaingia. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara na kingine Lindi, ulizia kozi zao usome ukiwa nyumbani. Alama zako zinatosha kiwango cha jumla, masomo mawili yenye pointi 4 kwa pamoja, lakini kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Yasome mwenyewe, usisomewe na mtu wa stesheneri.

Mwalimu Kusini
Mama Shangani amesema kweli tupu, ila sikubaliani na mpangilio. Mtoto wa mkulima asianze na shahada inayodai ya pili ndipo imlishe. Aanze na yenye kazi, uzamili utafuata akiwa na mshahara. Mimi mwenyewe nipo kwenye maombi.

Mama Shangani
Mwalimu, nakuheshimu, na wapo walioweza. Wapo pia waliosema "utafuata" na miaka 15 imepita, wana watoto watatu shuleni. Binti aende akijua ni njia ipi anaifunga na ipi anaiacha wazi.

Ustawi Nachingwea
Binti, hujatuambia. Shangazi aliponaje?

Binti Kitangari
Hakuna aliyemtibu. Mama alikuwa anakwenda kila alasiri, anakaa naye barazani, anachambua mchele, haongei. Miezi mitatu ilipopita shangazi akamwambia, "Lete na mimi nichambue."

Jana usiku nimekaa na baba nikamsomea majibu yenu yote. Yule kijana wa korosho alinirudisha nimsomee mara mbili. Tumekubaliana: ya kwanza naweka ualimu wa saikolojia, na somo la kufundishia Jiografia, ya pili ustawi wa jamii, ya tatu saikolojia yenyewe. Mama Shangani, usinichoke, naomba unielekeze kitabu cha takwimu cha kuanzia, dirisha la udahili bado halijafunguliwa na nina muda. Jaribio la maji nimemfanyia mdogo wangu wa miaka minne. Kasema ndefu ina mengi, halafu akayanywa.

Mama Shangani
Mrudie baada ya miezi sita, kwa bilauri zile zile. Andika tarehe, umri wake na maneno yake hasa, usiyarekebishe. Kitabu nitakutumia kwa basi la Newala, kina mistari yangu ya kalamu, utanisamehe.