Eti "inabeba upepo wetu"! Hawa wenye treni yao wamenichosha

Mzee wa Vigae: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnawajua, siwataji. Wale wenye mgodi wa chuma, wenye treni yao, vichwa vyao, mabehewa yao, na nadhani hata jua linalopiga reli ni lao.

Vigae vyangu vina siku tano stesheni vikisubiri mizigo ya wenzangu itimie kujaza treni. Leo treni yao inarudi mgodini kutoka bandarini. Tupu! Nilihesabu mabehewa mpaka vidole vya ukoo mzima vikaisha. Ikasimama kupisha nyingine. Nikamfuata yule bwana mwenye kizibao, kwa adabu zote: "Kaka, nipe behewa moja nipakie, nalipa." Akasema haibebi vya watu. Nikamuuliza, mbona haina kitu? Akajibu: "Inabeba upepo wetu."

UPEPO WETU! Na akacheka! Jino la dhahabu likanimulika!

Fundi Breki: Mleta uzi, vigae kwenye behewa la mawe ya chuma? Kule mgodini treni inajazwa kwa juu huku inatembea polepole. Ikifika bandarini, mtambo unalikumbatia behewa na kulipindua kichwa chini bila hata kulitenganisha na wenzake, maana kiungio chake kinazunguka. Ungepokea unga wa vigae.

Mzee wa Vigae: Sawa fundi. Lakini upepo WETU?

Fundi Breki: Wakisimama kukungoja upakue, meli inakaa bandarini inakula pesa. Treni yao ni ya mzigo mmoja, kutoka hapa kwenda pale na kurudi. Si daladala.

Bibi Kiherehere: 😂😂 Mzee kaomba lifti kwa treni.

Msafiri Huru: Hamia Mauritania, mkuu. Treni ya chuma ya Zouérat hadi Nouadhibou, kama kilomita 700, watu wamepanda miaka na miaka juu ya mawe, na mbuzi wao. Bure.

Mzee wa Vigae: Mbuzi wanapata behewa, mimi napewa upepo.

Dereva Choka: Nyie mnalilia vigae. Sisi wenye magari, pale kwenye kivuko cha reli, tunazima injini, tunalala, tunaota, tunaamka, mkia wa treni bado haujapita.

Fundi Breki: Shukuru. Australia mwaka 2001 waliunganisha mabehewa 682, zaidi ya kilomita 7. Ungestaafu hapo hapo.

Kiti Dirishani: Na sisi abiria je? Tumewekwa pembeni kwa muda wa saa mbili kupisha makaa ya mawe. Makaa yanawahi wapi, harusini?

Msafiri Huru: Kule Pilbara, Australia, kuna treni zinazojiendesha zenyewe, hazina hata dereva.

Mzee wa Vigae: Afadhali! Hakuna wa kunijibu upepo wetu!

Jirani wa Reli: Honi je? Saa tisa usiku, ndeeefu, mtoto anaamka, mbwa anaamka, mama mkwe anaamka.

Dereva Choka: Honi ni kwa ajili yetu wa kivukoni. Hama.

Jirani wa Reli: Nihame mimi? Nyumba ya babu ilikuwepo kabla ya reli!

Dereva Choka: Babu angeweka pamba masikioni.

Mzee wa Vigae: Jamani, na vigae vyangu?

Bibi Kiherehere: Mzee, pisha kidogo. Jirani, endelea, mama mkwe akasemaje?