Naomba ushauri: maji ya hita ya jua hayazunguki
Wandugu mafundi bomba, nisaidieni. Nyumba yetu hapa Muhumba, Bukavu, ni ya zamani, mabomba ni ya chuma. Hita ni ya jua, haina pampu, tangi liko juu ya paneli. Saa sita mchana bomba linalopanda kutoka paneli kwenda tangi ni la moto wa kuunguza, hadi kwenye kiwiko, yaani kona ya bomba. Ukivuka hapo, baridi kabisa! Nikilegeza nati ya pale hewa inafoka, maji yanazunguka siku mbili, kisha yanagoma tena, hasa maji ya mtaa yakikatika. Mama ana baridi yabisi, kumwona akioga maji baridi asubuhi kunaniuma sana.

Nimeona bomba hilo limelala kidogo baada ya kiwiko. Nilinyanyue, au nifunge kitoa-hewa? Au ni kutu ndani? Pampu siiwezi, umeme wetu mnaujua.